Nani Kaiona Mshare?

(Maneno yaliyosemwa kwenye mkusanyiko wa familia za Kitanzania mjini Reading, Uingereza, Jumamosi moja kabla ya Krismasi. Yamenyooshwa kidogo ili yasomeke.)

Shimbonyi wote. Na nyie msiotoka Kilimanjaro, habari za jioni. Msikimbie, leo hatuuzi viwanja.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie "vyakula vyetu ughaibuni" kwa dakika ishirini. Mada hiyo ni pana kama bahari, naomba niikate. Nitazungumzia sufuria moja, ya mtori, na humo sufuriani nitazungumzia ndizi moja, mshare. Mwenye hamu ya habari za perege na dagaa amtafute mjomba wetu aliyeketi pale karibu na mlango. Atakesha naye.

Nilifika nchi hii Februari 2006, nikiwa na koti la kuazima. Miaka ile ya mwanzo sikumbuki kuutamani mtori hata siku moja. Nilikuwa na njaa ya mambo mengine: karatasi, mshahara, chumba chenye mlango unaofungika. Mtori ulinijia mwaka 2009, nilipojifungua mwanangu wa kwanza. Ilikuwa siku ya tatu, saa kumi alfajiri, maziwa hayajashuka, mtoto analia, na mimi nalia. Wauguzi walinitendea wema wote, wakaniletea chai na mkate wa kubanika. Mimi mwenyewe ni muuguzi, nawajua. Lakini mkate mkavu kwa mzazi! Niliutazama ule mkate nikahisi niko mbali na nyumbani kuliko siku niliyoshuka kwenye ndege.

Kwa faida ya vijana waliozaliwa hapa: kwetu mzazi ana haki zake. Anakaa ndani miezi mitatu, hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, anapikiwa. Na anachopikiwa kwanza ni mtori. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa inachemshwa mpaka inaachia, ndizi zinachemshwa na kitunguu mpaka zinalegea, zinapondwa, zinarudishiwa ile supu ya mifupa, mwisho samli au maziwa. Ni chakula kinachoingia bila kutafunwa. Mzazi anakinywa na mtoto kifuani. Babu asiye na meno anakinywa. Mtu aliyetoka hospitali anakinywa. Bwana harusi aliyeamka na kichwa kizito anakinywa pia, huku akiangalia chini.

Basi nilimpigia mama Marangu kwa kadi ile ya kukwangua namba. Akaniuliza nakula nini. Nikamwambia. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Kwani huko hakuna ndizi?"

Nikasema, "Mama, zimejaa."

"Basi pika." Na simu ikakatika kweli.

Mume wangu yuko pale, anainamisha kichwa kwa sababu anajua kinachofuata. Nilimtuma supamaketi. Nikamwambia chagua za kijani kabisa. Akachagua za kijani kabisa, maskini, kwa uangalifu kama anachagua pete. Nikapika. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya saruji na utamu wa uji wa mtoto, nyama ikielea ndani yake. Nilikula, kwa kuwa nilikuwa na njaa na kwa kuwa alinisimamia. Lakini nililala nikijiuliza: kijani ile imenidanganyaje?

Jibu nililipata miaka baadaye, na ni la kukumbuka hata mkisahau mengine yote ya leo. Ndizi za supamaketi husafiri kwenye meli zikiwa mbichi, halafu hapa huwekwa kwenye vyumba maalumu na kupuliziwa gesi ya ethilini ili zianze kuiva zote kwa pamoja. Zikifika rafuni, hata ile unayoiona ya kijani imeshapuliziwa. Wanga wake umeshaanza kugeuka sukari. Nje ni msichana, ndani ni bibi harusi. Kwa hiyo msiitazame rangi. Uikate kidogo kwenye kikonyo uone utomvu. Ndizi ya kupika inatoa utomvu mweupe unaonata, unaotia doa kwenye nguo ambalo halitoki mpaka nguo iwe tambara. Na ganda lake haliachii kwa vidole, linataka kisu. Ikimenyeka kama ya kulia shuleni, ilieni shuleni.

Kosa la pili lilikuwa mzuzu. Huu unauzwa kila mahali hapa, kwa Wanigeria, kwa Waghana, mpaka kwenye supamaketi kubwa. Mzuzu ni ndizi ya heshima, ukiukaanga au ukiuchoma haunihitaji mimi kuutetea. Kwenye mtori ni mgeni asiyejua kunyamaza. Ladha yake inasimama juu ya supu, na ukiuponda unabaki na chembechembe. Siku niliyoujaribu, jirani yangu Mghana alikuja, akaonja, akaniuliza kwa huruma kwa nini nimeufanyia hivi mzuzu mzuri. Sikuwa na jibu.

Nikaanza kwenda London. Nilikuwa napanda treni na mtoto mgongoni hadi Dalston, soko la Ridley Road. Wengi wenu mnalijua: upande huu Mturuki, upande ule Mnigeria, katikati kuna akina mama wa Karibea wenye meza ndogo na ndimi kubwa. Kwa mmoja wao nikaona ndizi fupi, kijani iliyokoza, utomvu umegandia kwenye kichana. Nikauliza hizi ni nini. Akaniambia ni "green fig". Sasa mimi fig najua ni tini. Nikamwambia mama, naona ndizi, wewe unaniambia tini? Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe kwao, kisiwani Saint Lucia, ndizi mbichi ya kupika ndiyo wanaiita hivyo, na wakiipika na samaki wa chumvi ndicho chakula chao cha taifa. Tulisimama pale karibu nusu saa tukilinganisha sufuria. Akanifundisha kuchemsha ndizi na maganda yake kwanza ili isiwe nyeusi. Mimi nikamfundisha kupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Akaniambia hilo analijua tangu hajazaliwa.

Ndizi ile ilinipa mtori wa kwanza unaoweza kuitwa mtori. Rangi haikuwa sawa, ilikuwa inaelekea kijivu, na ulaini ulikuwa pungufu, lakini mwili uliukubali. Na kuna jambo nililolijua baadaye kutoka kwa kijana mmoja wa kwetu anayesomea mimea. Ndizi ile ya mama wa Saint Lucia ni aina ileile ya supamaketi, ile inayoitwa Cavendish, isipokuwa haikupuliziwa gesi. Jina hilo ni la ukoo wa bwana mkubwa wa hukuhuku Uingereza, Duke wa Devonshire, aliyekuwa na nyumba ya vioo kule Chatsworth katika jimbo la Derbyshire. Mtunza bustani wake, Joseph Paxton, ndiye aliyeukuza mmea huo mpaka ukazaa, miaka ya 1830. Kutoka kwenye nyumba ya vioo ya tajiri ikaenda kutawala dunia.

Yote hayo ni hadithi tu. Kilichonitoa kwenye kiti ni hiki: wataalamu wa vinasaba wamezichunguza ndizi hizi wakakuta kwamba Cavendish ina undugu wa karibu sana na mshare yetu na nyingine iitwayo mlali, ya visiwani. Mshare ina seti mbili za kromosomu, Cavendish ina tatu, na katika hizo tatu, sehemu imetoka kwenye ukoo huo wa mshare na mlali. Mimi si mtaalamu, nawapa nilivyoelewa. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshalijua kabla ya maabara. Ndiyo maana mtori ule ulikubalika. Nilikuwa nimepika binamu yake.

Sasa matoke. Ndugu zetu Waganda hapa Uingereza wamejipanga kutuzidi, lazima tukubali. Matoke yanakuja kwa ndege kutoka Uganda, na maduka yao yanajua siku ya mzigo. Wahaya mliomo humu msinune, najua mtasema ndizi Bukoba ni bora kuliko zote duniani, na kwa ugali wa ndizi au kwa ndizi na maharage sina ugomvi. Kwenye mtori, matoke yanakupa rangi ya manjano nzuri mno, lakini yanashikamana. Unaponda, unaponda, unabaki na kitu kinachotaka kukaa pamoja kama kikao cha ukoo. Mshare kazi yake ni kinyume. Inapoiva inalegea, inajiachia kwenye supu, hauioni tena. Haina utamu, haina uchachu, haina chembe. Inaipa supu uzito na kuiachia nyama iseme. Ukitaka kutumia matoke, chemsha muda mrefu zaidi, ponda yangali moto sana, na ongeza supu zaidi ya unavyodhani. Atakayetaka kuongeza tui la nazi na aongeze. Watu wa Tanga watatia nazi hata tukiwakataza, na sitamwita polisi.

Naomba nisimame hapa kidogo juu ya jina, maana hata nyumbani ndizi hii watu wanadanganyana. Mshare, wengine mchare, ni ukoo na si mche mmoja. Ina ndugu kadhaa wenye majina yao, na mama yangu anawatofautisha kwa urefu wa kikonyo na rangi ya shina. Ukienda Dar es Salaam, Mabibo, kwenye soko lile wanaloliita Mahakama ya Ndizi, malori yanashusha mikungu ya Moshi, ya Bukoba, ya Tukuyu. Wewe mteja uliyezaliwa Sinza unaambiwa yote ni mshare. Nilisimama pale mwaka juzi nikamwambia kijana, hii si mshare. Akaniangalia, akaona kweli simtanii, akasema kwa upole, "Mama, hiyo ya kwako iko kule nyuma, bei yake nyingine." Basi kumbe anaijua! Anasubiri tu anayeijua.

Wapo watakaouliza kwa nini nisibebe tu kutoka nyumbani. Nimebeba. Ndizi mbichi ni miongoni mwa matunda machache unayoweza kuingia nayo nchi hii bila cheti cha afya ya mimea, lakini angalieni sheria kabla ya kila safari kwa sababu inabadilika. Samli ya mama haipiti. Nyama haipiti, hata ikiwa imekaushwa na kuombewa. Mimi samli yangu ilichukuliwa uwanja wa ndege na afisa mwenye adabu sana. Nilitamani nimwelekeze jinsi ya kuila. Na kitu ambacho msithubutu kubeba ni chipukizi lenye mizizi na udongo. Sababu nitaisema muda si mrefu.

Ndizi yenyewe ina masharti yake njiani. Usiifunge pamoja na parachichi linaloiva au embe, kwa sababu matunda hayo yanatoa gesi ileile ya ethilini, utafika na mbivu. Usiiweke kwenye friji ikiwa na ganda: chini ya nyuzi 13 hivi inapigwa na baridi, inakuwa nyeusi. Ukifika, siku hiyohiyo, kabla ya kulala, kabla ya kusimulia habari za msiba na harusi, paka mafuta mikononi, menya, tumbukiza kwenye maji yenye limau, chemsha dakika chache tu, poza, gawanya kwenye mifuko ya sufuria moja moja, gandisha. Mifuko yangu ninaandika tarehe na neno SAMAKI. Watoto hawaigusi.

Sasa niingie sehemu ambayo sikuwa nimeipanga mwenyekiti aliponiomba kuzungumza. Mwaka huu nilikwenda nyumbani Septemba. Nilikwenda nimebeba orodha, nimejiandalia sanduku la pili tupu kabisa kwa ajili ya ndizi. Kihamba chetu, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, mnakijua kilivyo: kahawa chini, ndizi juu yake, miti mikubwa juu ya zote, masale mpakani, mfongo, mfereji wetu wa maji, unapita. Mfumo huo ni wa zamani hata FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, liliutambua mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wa dunia, kule Shimbwe Juu. Nikaingia na kisu. Nikamuuliza mama, mshare ziko wapi? Akanyoosha mkono kwenye kona moja. Mashina manne.

Nilikulia humo. Pale palikuwa na mshare mpaka tunachukia. Tulipikiwa tukanuna.

Mama akakata shina moja lililokuwa na majani ya manjano, akanionyesha ndani. Lilikuwa na michirizi ya rangi ya kutu, kama damu iliyokauka. Ni mnyauko, ule unaoletwa na kuvu wa Fusari anayekaa kwenye udongo. Anaingia kwa mizizi, anaziba mishipa ya maji, majani yanakuwa manjano kuanzia pembeni, yanavunjika, yanalala kuzunguka shina kama sketi. Hakuna dawa ya kupulizia. Na ukiung'oa mgomba, yeye anabaki kwenye udongo zaidi ya miaka 20. Anasafiri kwa jembe, kwa viatu, na zaidi ya yote kwa chipukizi ambalo shangazi kakupa kwa moyo mweupe. Ndiyo sababu nilisema msibebe machipukizi, wala hapa wala kutoka kihamba hiki kwenda kile. Ugonjwa huu si mgeni duniani. Ndio uliofagia mashamba ya Gros Michel huko Amerika ya Kati, ndizi iliyotawala biashara ya ndizi duniani kabla ya Cavendish, mpaka miaka ya 1960 makampuni yakaiacha. Gros Michel nayo ni ndugu wa mshare. Ukoo una jicho baya.

Kwa hiyo nimefunga safari ya maili zaidi ya elfu nne kutafuta ndizi, nakuta mama yangu mwenyewe anatafuta ndizi hiyohiyo. Yeye anatafuta mche safi. Jumanne moja tulikwenda pamoja mpaka sokoni, akawa anauliza akina mama wenzake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia mchumba: wewe kwako bado zipo? Hazijaingiwa? Unaweza kuniachia mbili? Nikasimama kando na simu yangu na pesa zangu za Uingereza. Hazikuwa na kazi.

Kuna watu wanalishughulikia. Arusha kuna watafiti, wa TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, pale Tengeru na wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, na miongoni mwa kazi zao ni kuikutanisha mshare na ndizi zinazovumilia magonjwa ili kupata mahuluti. Kazi hiyo ni ya polepole kwa sababu mshare, kama ndizi nyingi za kula, haina mbegu ndani. Kuipata mbegu moja wanachavusha maua kwa mikono, mkungu kwa mkungu. Ipo pia miche inayokuzwa maabara ndani ya chupa, ambayo inatoka ikiwa safi. Lakini ukiipanda kwenye udongo ulioingiwa inaugua kama wenzake. Mama nilimnunulia miche kumi ya namna hiyo. Tulichimba mashimo upande wa juu, ambako hapajawahi kuwa na mshare, palikuwa na majani ya ng'ombe. Ng'ombe amekasirika, mimi nimeridhika. Jembe la upande ule haliteremki chini, na la chini halipandi juu. Mama amelifunga kitambaa chekundu ili wajukuu wasikosee.

Na sanduku? Nilikata mkungu mmoja. Mama alitaka nichukue miwili, nikakataa, tukagombana kidogo pale mgombani, yeye akisema mgeni harudi mikono mitupu, mimi nikisema mimi si mgeni. Alishinda kwa vichana viwili vya juu. Vyote vimo kwenye jokofu langu chini ya jina SAMAKI, au vilikuwamo mpaka jana usiku.

Dakika zangu zimekwisha, namwona mwenyekiti anaangalia saa kwa adabu. Huko jikoni kuna sufuria tatu kubwa. Nimezipa namba. Moja ni ya ndizi za yule mama wa Ridley Road, bado yupo, amezeeka na ulimi wake ni uleule. Moja ni ya matoke. Moja ni ya mzuzu, nimeipika makusudi kwa ajili ya wanaobisha. Onjeni kwanza, halafu mje mniambie ipi ni ipi. Wahaya wapewe namba mbili bila kuambiwa.

Ile ndogo yenye mfuniko mwekundu, iliyofungwa kwa kanga, haina namba na haionjwi. Hiyo ndiyo mshare. Ni ya binti yetu wa Caversham aliyejifungua Jumatatu. Shemeji, gari liko tayari? Ipeleke ingali moto, uikumbatie njiani isimwagike, na kijiko nimekihesabu.